Bakuli kwa Bakuli

Mei 4

Wameanguliwa alfajiri. Nilipofunua turubai la tangi la kwanza, maji yalikuwa na kitu kama vumbi la chokaa linalojisogeza lenyewe. Hadil aliinamisha tochi akasema, "Mashaallah, da Bocha, mbona hawana hata mdomo?" Kweli hawana. Tafi, samaki huyu tunayemfuga, akitoka kwenye yai ni uzi tu, na mfuko wa kiini chini ya tumbo ambao ndio chakula chake mpaka mdomo ufunguke.

Mwaka jana niliacha kuandika katikati ya Agosti, kwa sababu kilichobaki cha kuandika kilikuwa mizoga. Vizimba vyote vitano vya akina mama wa kikundi, kule mkondoni, samaki wana vidonda ubavuni na matumbo yamejaa maji. Nimenunua daftari jipya ili nisiwe nafungua lile.

Mwaka huu kuna chanjo. Daktari Cherotich ameahidi kuileta mwenyewe kutoka Mombasa. Na Bi Radhiya, mwenyekiti wa kikundi, amewaambia wenzake mbele yangu kwamba huu ndio mwisho. Samaki wakishika, kikundi kinaendelea na Hadil, binti yake, atakuwa mwangalizi wa vizimba. Wasiposhika, nyavu zinagawanywa na Hadil anakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Pasipoti imeshatoka. Iko kabatini kwa mama yake chini ya kanga, na kila mtu hapa Mtangawanda anajua iko chini ya kanga ya ngapi.

Mei 5

Mvua kutwa. Maji nyuzi ishirini na saba.

Mei 8

Midomo imefunguka. Tumeanza kuwalisha maji ya kijani yenye vidudu vyake. Wengi hawajui kula, wanakufa wakiwa wamezungukwa na chakula.

Mei 17

Bwana Mohdhar amekuja kwa boti ya asubuhi kutoka Amu. Kiwanja hiki ni chake, na jengo, na pampu. Nyumba yao iko Mkomani, ya mawe, ya zamani kuliko wilaya. Haingii ndani ya kituo chetu cha vifaranga kwa sababu ya maji sakafuni. Husimama kizingitini na kanzu yake ameikunja kidogo kwa vidole viwili.

"Bi Bochaberi, mwaka huu tutapata?"

"Inshallah, Bwana."

"Ah! Mkristo wa Nyamira akianza kuniambia inshallah, najua hali ni mbaya."

Tulicheka. Kisha akasikiliza pampu kwa muda, akaacha kucheka. Inakohoa kama mzee.

Mei 18

Pampu. Hadil na mimi tumeifungua, tumeifunga. Mchanga.

Mei 29

Daktari Cherotich alifika jana na hadubini yake ndani ya sanduku lililofungwa kwa leso mbili. Ni Mkalenjin mrefu, anaongea polepole, na akikosea jina la mtu anaomba radhi kana kwamba amemkanyaga. Mwaka jana sikumpenda. Nilimwona kama mtu anayekuja kuhesabu maiti wetu na kuondoka. Leo nimebadili kidogo.

Aliwaita akina mama wote watano. Alikuwa amechukua vifaranga vichache, akavigandisha katika nta na kuvikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, akavitia rangi ya zambarau. Alisema kila mmoja aangalie. Bi Radhiya alitangulia.

"Naona kope zangu," akasema.

"Fungua jicho la pili, Bi. Hilo hilo. Sasa unaona doa jeusi nyuma ya kichwa?"

"Naona yuu kuna kitu kama mbegu ya ufuta."

"Basi hilo ni figo la mbele. Kwa samaki, damu inapikwa hapo. Hilo huwahi. Kule juu ya matamvua kuna tezi, nyembamba sana, na ndani tumboni kutatokea wengu. Huo ndio wa mwisho."

Nikamwuliza kila kimoja kina kazi gani. Alisema figo linatoa askari wengi, lakini askari hao hawajui wamshike nani. Kwenye ile tezi ndiko wanakofunzwa: huyu ni wa kwetu, huyu ni mgeni. Na wengu ndio unaochuja damu na kuweka kumbukumbu ya wageni waliokwisha kuja.

"Kwa hiyo hawa," akasema Bi Radhiya akiwa bado kwenye hadubini, "hawayafundwa."

"Bado."

"Basi hawaolewi!" akadakia Bi Saadiya kutoka nyuma, na wote wakaangua kicheko. Bi Saadiya ana ulimi. Kizimba chake ndicho kilichokufa cha kwanza mwaka jana, na hajamwacha mtu yeyote akasahau.

Mimi niliuliza swali lililokuwa linanisumbua: tukiwaogesha chanjo sasa, kabla ya kufundwa, kuna hasara gani? Si itasubiri mwilini?

Daktari alivua miwani. "Haisubiri. Chanjo ni vijidudu vilivyouawa. Mwili ukivikuta wakati bado unajitambua, unaviweka pamoja na vya nyumbani. Baadaye vikija vilivyo hai, havifukuzwi. Samaki anakula, anaogelea, anang'aa, na amevibeba. Anavimwaga majini kila saa."

Hakuna aliyecheka. Bi Saadiya akasema, "Kama mkwe mbaya." Ndipo wakacheka tena.

Juni 2

Nyuzi ishirini na sita. Upepo umegeuka. Wamekuwa na umbo la samaki, wana hata ile miiba ya mgongoni. Mmoja amenichoma.

Juni 7

Sikukuu ya Idi. Kituo kimya, niko peke yangu na pampu. Adhuhuri Hadil aliniletea sinia, biriani ya mbuzi, na kaimati juu. Alikuwa na dera jipya na hina mpaka kwenye viwiko. Akaniambia nisimwambie mama yake lakini wakala amempigia simu, nafasi iko, familia ya watoto watatu mjini Dammam. Nikamwuliza amejibu nini.

"Nimemwambia nina watoto wangu elfu sita, sijui nitamwachia nani." Akanionyesha tangi.

Juni 15

Upepo wa kusi umekaza. Maji ishirini na tano. Sijawahi kuyaona hivi mwezi wa sita. Samaki wamegawanyika: wengine wamefikia urefu wa kidole gumba, wengine punje ya mchele. Wametoka katika mayai ya siku moja na wamekula chakula kimoja. Nimewapanga kwa wavu wa matundu, wakubwa tangi la kwanza na wadogo la pili. Sijui kwa nini wengine wanakua na wengine wanabaki. Nyumbani kwetu tulikuwa watoto saba na haikuwa hivi.

Juni 16

Mawingu. Betri za sola hazijai.

Juni 17

Mawingu.

Juni 21

Pampu ilisimama asubuhi. Tulibeba maji ya bahari kwa ndoo, mimi, Hadil na Bi Radhiya mwenyewe, mpaka fundi alipofika kutoka Faza. Bi Radhiya ana miaka sitini na mbili na hakuweka ndoo chini hata mara moja. Nilikuwa nikimwona mtu wa kutoa amri. Nimeona leo kwamba amri zake huanza mgongoni mwake.

Fundi alisema itaishi wiki tatu, pengine nne, tukiendesha tangi moja. Kwa matangi mawili, wiki mbili tu, au tatu.

Julai 2

Daktari yuko hapa. Amekata samaki wa matangi yote mawili. Nimeangalia mwenyewe na nimeelewa bila kuambiwa. Kwa wakubwa vyote vitatu vipo: figo, tezi nene kama jani dogo, na wengu mwekundu. Kwa wadogo tezi ni ukungu tu na wengu ndio kwanza unaanza.

"Lakini wana umri mmoja," nikasema.

"Usihesabu siku, Bochaberi, tazama kimo. Baridi imewachelewesha. Maji yangekuwa nyuzi ishirini na nane ningekwambia ogesha wote kesho."

Ni ishirini na nne na nusu.

Mpango wake ni huu. Wakubwa waogeshwe chanjo na wapelekwe vizimbani. Wanatosha vizimba vitatu. Wadogo, kwa kuwa pampu itakufa kabla hawajakua, watolewe pia, lakini bila chanjo, katika vizimba viwili vilivyowekwa mbali, upande wa pili wa mkondo. Wakifikia kimo, atarudi kuwaogesha huko huko. Wakiugua kabla, basi wataugua peke yao.

Ameacha chupa ya chanjo kwenye friji ya zahanati na kuondoka kwa boti ya mchana, ana samaki wengine Kilifi. Nimeuandika mpango wake kwenye ubao.

Julai 6

Nimewasomea akina mama ubao. Waliusikiliza vizuri. Kisha Bi Saadiya akauliza jambo moja tu:

"Vile viwili vya wachanga ni vya nani?"

Ubao haukusema.

Julai 8

Mabishano siku mbili. Nayaandika kama nilivyoyasikia.

Bi Saadiya alisema yeye alipoteza wa kwanza mwaka jana, kwa hiyo mwaka huu apate wakubwa. Mwenzake akasema na sisi tulipoteza, ila siku tatu baadaye, ndiyo tuitwe matajiri? Mimi nikapendekeza kura. Bi Radhiya akakataa.

"Kura ikinipa mimi wakubwa, mtasema mwenyekiti ameipanga. Ikinipa wadogo, mtasema Mungu amemwadhibu mwenyekiti. Na Hadil ndiye atakayelisha vyote. Kizimba cha mtu kikifa, ataambiwa alikuwa akilisha cha mamake."

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Kama tufanyavyo siku zote."

Siku zote, hapa, kitu cha watu wengi hakichaguliwi. Nyama ya sadaka, maji ya birika la kijiji msimu wa kiangazi, samaki wa wavu wa juya. Kinamwagwa pamoja, kinakorogwa, kisha mtu mmoja anachota kwa bakuli moja bila kutazama ndani, na kila mtu anapata bakuli kwa bakuli mpaka kiishe. Hakuna wa kuonewa kwa sababu hakuna aliyechagua.

Nilimpigia Daktari simu na kuiweka sauti ya nje. Mtandao ulikuwa unakatika.

"Msiwachanganye," akasema. "Wakishaingia vizimbani pamoja hamwezi kuwatenganisha tena. Hao wadogo wakipata chanjo sasa watakuwa wabebaji, na watakuwa ndani ya kila kizimba. Afadhali kupoteza viwili."

Bi Radhiya aliomba simu. Aliishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti.

"Daktari, nakushukuru kwa ndia yote uliyotembea kwa ajili yetu. Nambie viwili vya nani, mimi nitamwambia mwenyewe."

Mtandao ulikwaruza.

"Siwezi kukuambia hilo, Bi," akasema Daktari.

"Na mimi siwezi."

Bwana Mohdhar, aliyekuja kwa ajili ya pampu, alisema kutoka kizingitini kwamba samaki ni wao na wafanye haraka. Wote watano walikubali. Bi Saadiya alikubali wa mwisho, lakini alikubali. Wakaniangalia mimi, ingawa sina kizimba. Nikasema sawa.

Naandika kwa nini nilisema sawa. Baba alipogawa shamba Nyamira alichagua. Alitazama nyuso za watoto wake saba na akachagua, na mimi na dada zangu tulipata kuangalia tu. Sikuwahi kuona mgawanyo ambao mgawaji anafumba macho. Nilitaka kuuona.

Julai 9

Tumewaogesha. Tulimwaga matangi mawili ndani ya moja, wakubwa na wadogo wakazunguka pamoja kama hawajawahi kutengana. Chanjo ni maji yenye ukungu wa maziwa. Hadil aliwachovya kwa kikapu cha wavu, mimi nikaangalia saa, Bi Radhiya akachota. Bakuli la plastiki la bluu. Alifunga kanga machoni. Akina mama walimpigia vigelegele alipoifunga, na Bi Saadiya akasema, "Angalieni asije akamchota Mkisii wetu!"

Kila mmoja alishuka hadi majini na ndoo zake. Wengine walikuwa wakiimba. Tangu nije pwani sijaona siku nzuri kama hii.

Julai 12

Wanakula.

Julai 13

Wanakula. Ishirini na nne.

Julai 19

Hadil sasa anaondoka alfajiri na mtumbwi, anasukuma kwa pondo mpaka vizimbani na kurudi saa nne ameungua pua. Anajua kila kizimba. Amewapa baadhi ya samaki majina, jambo nililomkataza. Mmoja anaitwa Mohdhar kwa sababu hapendi kugusa wavu.

Julai 27

Wakala amempigia tena, akampa mpaka mwisho wa mwezi. Hadil alisimama gatini, simu sikioni, mimi nikiwa nyuma yake na gunia la chakula. Akasema, "Hapana, kaka, asante, nimepata kazi." Akakata. Akanigeukia akicheka.

"Da Bocha, nimeikataa Saudia. Uliniona?"

"Nimekuona."

"Basi uwe shahidi. Mama akisikia atasema naota."

Agosti 3

Mvua ndogo, isiyo ya msimu. Maji ya bara yameingia mkondoni, yana rangi ya chai.

Agosti 6

Hadil amerudi mapema. Amekuja na samaki mmoja kwenye kopo. Anazunguka upande mmoja kama aliyefungwa uzi. Hana kidonda. Nilimwambia huenda ni jeraha la wavu. Yeye ndiye aliyenitazama kwa huruma.

Agosti 7

Kumi na mmoja. Katika vizimba vyote vitano.

Agosti 8

Sikuhesabu.

Agosti 9

Matumbo yamejaa maji. Vidonda ubavuni. Ni ugonjwa ule ule. Nimempigia Daktari, akaniuliza ni vizimba vingapi, nikasema vyote. Akasema atakuja kwa boti ya kwanza.

Agosti 11

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Daktari alifika saa tano. Alichukua samaki waliokufa, waliokuwa wanakufa, na wazima kabisa, kutoka kila kizimba. Alifanya kazi kwenye meza ya kituo, mlango wazi, akina mama wamekaa nje kwenye mkeka. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alinawa mikono muda mrefu, akatoka, akakaa nao mkekani, jambo ambalo mwaka jana hakulifanya.

Alisema wale wadogo, walioogeshwa kabla ya wakati, wengi ni wazima. Hawana kidonda. Lakini wengu zao zimejaa vijidudu vilivyo hai, na mwili hauvigusi, umeviona ni vya nyumbani.

"Na wakubwa?" akauliza Bi Radhiya. "Wao walifundwa."

"Walifundwa. Kinga wanayo, nimeiona. Lakini kinga si ukuta, Bi. Inamzuia mgeni anayepita. Hapa mgeni amelala nao chumba kimoja, anawamwagia usiku na mchana. Wamechoka."

Bi Saadiya ndiye aliyeuliza. Nilijua ni yeye atakayeuliza. "Tungewatenga kama ulivyosema?"

Daktari aliangalia viganja vyake. Angeweza kusema hajui. "Vitatu vingepona," akasema. "Nadhani vitatu vingepona."

Bi Saadiya aligeuka kwa Bi Radhiya. Nilijiandaa. Mwaka mzima nimemsikia akichoma watu kwa maneno, na sasa alikuwa na haki. Lakini alichosema ni, "Na wangu mimi wangekuwa katika vipi, Radhiya?"

"Sijui."

"Na mimi sijui." Akajifunika uso na kanga.

Agosti 12

Nimekuwa na hasira kutwa na nimemkwepa Bi Radhiya. Tumegawana ugonjwa bakuli kwa bakuli. Tumeuchota kwa haki, tumefumba macho, kila mtu akapata wake sawasawa. Kama angekuwepo mmoja wa kuchagua, hata kwa upendeleo, hata baba yangu, vizimba vitatu vingekuwa hai na Hadil angekuwa na kazi.

Kisha najiuliza: ningechagua mimi? Ubao ulikuwa wangu. Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuandika majina mawili kabla hawajauliza. Sikuandika.

Agosti 14

Bi Radhiya alinifuata jikoni.

"Umenikasirikia, mwanangu."

Nikakana. Hakujali.

"Ningepata vitatu, na Saadiya hana, ningemtazama kwa mato gani? Kisima chetu ni kimoya. Ningefanya vile vile tena." Halafu, akiwa ameshafika mlangoni: "Lakini si kwa Hadil. Kwa mwanangu ningetaka mtu mwingine achague, mimi nisijue."

Alikwenda. Sikuwa na hasira tena. Ingekuwa afadhali ningekuwa nayo.

Agosti 18

Waliobaki ni wale wadogo, wazima. Wanang'aa. Wanakuja juu wakisikia pondo la Hadil. Daktari amesema hawawezi kuachwa. Wakiachiwa baharini watawaambukiza tafi wa mkondo mzima, wakiwekwa kituoni watawaambukiza samaki wazazi wa mwaka ujao. Bwana Mohdhar amesema kwa simu hakuna mwaka ujao, amepata mtu wa kujenga vyumba vya wageni hapa. Pampu ataichukua.

Hata hivyo ni lazima wauawe.

Nilijitolea kuwafanyia kazi hiyo. Bi Radhiya alisema hapana, kila mtu na wake.

Agosti 19

Tumewaua. Maji yenye mafuta ya karafuu, wanalala kwanza. Akina mama watano, ndoo tano, mstari mmoja ufukweni. Hakuna aliyeimba. Kila mmoja alimimina mafuta kwenye ndoo yake mwenyewe na kungoja, na Bi Saadiya alipomaliza ya kwake akaenda kumshikia Bi Radhiya ndoo.

Tulichimba shimo juu ya mstari wa maji makuu, tukatia chokaa. Nilimwona Hadil akimtafuta yule wa kwake, aliyempa jina, kati ya mamia. Aliacha, akachukua sepetu.

Wakati wa kurudi akaniuliza, "Hawakuumwa hata kidogo, sivyo? Wale wadogo."

"Hawakuumwa."

"Hawakujua kitu."

"Hapana."

Agosti 20

Nyavu zimegawanywa. Vipande vitano, vimepimwa kwa dhiraa.

Agosti 23

Hadil amempigia wakala mwenyewe. Ile familia ya Dammam imepata mtu. Ipo nyingine, Hail, mahali nisipopajua, mzee mgonjwa na wajukuu. Amekubali kabla hajaelezwa mshahara. Mama yake alitoa pasipoti kabatini bila kuulizwa, akaiweka juu ya meza, akaenda kuswali.

Agosti 30

Hadil yuko Mombasa kwa mafunzo. Wanawafundisha mashine za kufulia na maneno ya jikoni kwa Kiarabu. Muda wenyewe ni mfupi, chini ya wiki mbili.

Septemba 4

Nasugua matangi.

Septemba 9

Matangi.

Septemba 13

Daktari amenipigia. Anatafuta msaidizi Kilifi, ameniuliza kama ningependa. Nilimwambia nitafikiri. Alisema katika taarifa yake ameandika kwamba mpango wake ulikosa sehemu moja, ya nani apate nini, na kwamba sehemu hiyo ilikuwa kazi yake na hakuifanya. Nilimwambia hakuna ambaye angeifanya. Akasema, "Ndiyo maana naiandika." Ni mtu mzuri. Haikusaidia kitu.

Septemba 20

Hadil amerudi kuaga, baada ya kungoja viza huko Mombasa. Siku tatu tu. Amekonda na amejifunza kufunga ushungi kwa mtindo mwingine. Bega la kushoto limevimba, amechomwa sindano za chanjo ya safari.

Septemba 23

Ameondoka na boti ya asubuhi, Mtangawanda hadi Amu, kisha ndege, kisha ndege nyingine. Wanakikundi wote walikuja gatini, pamoja na Bi Saadiya, ambaye alimletea mahamri kwenye kopo na kumwambia, "Usiwape hao Waarabu, ni yako." Bi Radhiya hakulia. Alimwekea mkono kichwani na kumsomea dua, midomo inatikisika, mpaka nahodha akapiga honi.

Nilimbebea begi hadi ngazini. Nilikuwa naliangalia lile bega.

"Usinitazame hivyo, da Bocha," akasema. "Mimi nimeshafika kimo."

Ana miaka ishirini na mmoja. Nikamwambia ndiyo, umefika. Akashuka ndani ya boti na kukaa katikati ya magunia, akatafuta mahali pa kuuegemeza mkono usiumie.

Septemba 28

Fundi amekuja kuichukua pampu. Aliuliza kama nina kitu cha kufungia, nikampa turubai la tangi la kwanza.

Alipokwenda nilishuka mkondoni na kipimajoto, kwa mazoea tu. Kusi imelala. Maji yalikuwa safi, na kwenye nyasi za chini walikuwepo tafi wachanga wa bahari, wengi, wa kimo kimoja.

Nyuzi ishirini na nane.